Panya wa Prairie: Jinsi ya Kuwamaliza Nyumbani na Ghalani Kabla ya Theluji

Kila Oktoba malalamiko ni yale yale kwenye prairie, nyanda za majani za Amerika Kaskazini, kuanzia Alberta, Saskatchewan na Manitoba nchini Kanada hadi Nebraska na Kansas nchini Marekani: sumu imewekwa, paka ameletwa, na bado saa nane za usiku panya wanakimbizana ukutani. Kosa nalo ni moja. Watu huanza kuua kabla hawajaziba.

Mbinu tulizokulia nazo Afrika Mashariki hazishiki hapa kwa sababu nyumba yenyewe ni nyingine. Ukuta wa tofali au wa udongo ni mzito. Panya hukaa darini au ghalani na kuingia kwa mlango. Nyumba ya shambani ya prairie ni fremu ya mbao, na katikati ya ukuta mna uwazi uliojazwa pamba ya kukinga baridi. Kwa panya, uwazi huo ni barabara, chumba na godoro. Nje mavuno yakishaondolewa, chakula kimepungua na baridi inakuja, kaskazini hata ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ukiua watano bila kuziba, tundu lile lile litawaingiza wengine watano.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kagua, ziba, tega, safisha. Kazi ya kuziba imalizike kabla Septemba haijaisha. Ukichelewa, bado fanya, ila silikoni nyingi hazishiki vizuri kwenye ukuta wenye barafu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tochi yenye mwanga mkali, na penseli ya kawaida
- Wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6
- Stilwaya isiyo na sabuni, au bora zaidi nyuzi za shaba, ambazo hazishiki kutu
- Silikoni ya kuzibia ya matumizi ya nje, pamoja na bunduki yake
- Mkasi wa bati, skrubu na washa zake
- Mpira au brashi ya kufunga uwazi chini ya milango
- Mitego ya ubao na springi, isiyopungua 12 kwa nyumba ya kawaida
- Siagi ya karanga, uzi wa pamba na unga kidogo
- Klorini ya maji ya kufulia (ile tuliyozoea kuiita jiki) na chupa ya kunyunyizia
- Glavu za mpira, barakoa ya N95, karatasi za kufutia, mifuko ya plastiki

Mitego 12 huonekana mingi, na wengi hununua 2. Mitego 2 hukamata panya 2 wajinga, kisha mambo yanabaki yalivyokuwa.

## Kwanza, ni panya yupi?

Kuna wawili wadogo. Panya wa nyumbani ana rangi ya kijivu mwili mzima, na tumbo lake halitofautiani sana na mgongo. Panya wa porini wa mbugani ana mgongo wa kahawia, tumbo na miguu myeupe kabisa, macho makubwa yaliyotokeza, na mkia wenye rangi mbili: juu mweusi, chini mweupe. Ukimkuta huyu wa tumbo jeupe, jihadhari zaidi, maana ndiye mbebaji mkuu wa virusi vya hanta, vinavyoshambulia mapafu na vinavyoweza kuua, katika nchi hizi. Si kila mmoja anavyo, lakini kwa kumtazama hutajua nani anavyo.

Kinyesi cha panya hawa wadogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6, mfano wa punje ya mchele iliyochongoka ncha. Ukikuta vya milimita 12 na kuendelea, huyo ni panya mkubwa, na mwongozo huu peke yake hautoshi. Kama uko Alberta, usimnyamazie: tangu miaka ya 1950 jimbo hilo linapambana na panya wakubwa kwa sheria, lina ukanda maalumu wa ulinzi mpakani na Saskatchewan, na kila anayemwona anatakiwa kutoa taarifa kwa maafisa wa kilimo.

## Hatua ya 1: Kagua

Zunguka nyumba nje, polepole, ukiwa umeinama. Chukua penseli. Tundu lolote ambalo penseli inapita, panya mchanga anapita. Kipimo ni milimita 6. Fuvu likishapenya, mwili hufuata.

Anzia hapa, kwa sababu ndipo matundu mengi yalipo:

- Pale bomba la gesi, nyaya za umeme na mabomba ya maji yanapoingia ukutani
- Mstari ambapo ukuta wa mbao unakalia msingi wa zege, hasa pembeni
- Pembe mbili za chini za mlango wa gereji. Mpira huliwa pale kwanza
- Chini ya milango ya nje na madirisha ya chumba cha chini ya ardhi
- Bomba la kutolea hewa la mashine ya kukaushia nguo
- Chini ya ngazi na baraza za mbao, mahali ambapo hakuna anayechungulia
- Kwenye nyumba ya trela, sketi yote (bati au ubao unaozunguka chini yake) na pale mabomba yanapopanda sakafuni

Kisha ingia ndani. Mchana, zima taa za chumba cha chini na za gereji, usimame kimya dakika moja. Mwanga unapochungulia, hapo pana tundu. Fungua makabati ya jikoni na uangalie nyuma ya sinki: fundi bomba hutoboa tundu la sentimita 10 kwa bomba la sentimita 4, akaliacha.

Usiku nyunyiza unga mwembamba kando ya ukuta, kipande cha sentimita 30 hivi, sehemu nne au tano. Asubuhi nyayo zitakuonyesha njia yao. Theluji ya kwanza nayo ni karatasi ya bure: toka asubuhi mapema kabla watu hawajakanyaga, fuata vijia vya nyayo ndogo vinavyoishia ukutani. Tundu ulilolikosa wiki nzima utalikuta hapo.

Weka alama ya chaki au kipande cha tepu kila tundu. Na ukikuta vinyesi, usifagie. Viache mpaka hatua ya 4.

*Umefaulu ikiwa* una orodha ya matundu. Nyumba kongwe ya shamba hukosi 10. Ukipata 2 tu, rudia.

## Hatua ya 2: Ziba

Tega mitego siku hiyo hiyo unapoanza kuziba. Waliobaki ndani hawatakuwa na pa kwenda kutafuta chakula, na hapo ndipo chambo kinaponoga.

Tundu dogo, chini ya sentimita 2. Sokomeza nyuzi za shaba au stilwaya kwa bisibisi mpaka zikaze, zisiweze kuvutwa kwa vidole, kisha funika kwa silikoni. Chuma humzuia kuguguna. Silikoni humzuia kukivuta chuma. Kimoja bila kingine hakidumu.

Tundu kubwa. Kata wavu wa chuma uzidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, ukaze kwa skrubu na washa kila baada ya sentimita 10, kisha paka silikoni ukingoni.

Povu la kopo. Ndilo linalopendwa kuliko vyote, na ndilo linalowaangusha wengi. Povu huzuia upepo, si panya. Analitafuna usiku mmoja na kulitandika kama kitanda. Ukilitumia, litumie juu ya chuma.

Mlango. Brashi au mpira wa chini uguse kizingiti urefu wote. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi. Kikivutika bila kukwama, uwazi bado upo.

Sasa maonyo matatu, na haya yasirukwe:

Usifunike bomba la mashine ya kukaushia nguo kwa wavu. Nyuzi za nguo hujazana pale na kuwaka moto. Nunua kifuniko chenye vibamba vinavyojifunga vyenyewe hewa isipotoka.

Usizibe wala kufunika kwa wavu mwembamba mabomba ya kuvutia hewa na kutolea moshi ya tanuru la kupasha nyumba joto. Wakati wa baridi kali mvuke huganda kwenye wavu, bomba huziba, tanuru huzima, au mbaya zaidi gesi ya kaboni monoksidi hurudi ndani. Kama una shaka na bomba fulani, muulize fundi wa tanuru kabla ya kuligusa.

Matundu madogo yaliyoachwa makusudi kati ya matofali ya nje ni ya kutolea unyevu. Yajaze nyuzi za shaba kwa wepesi, bila silikoni, ili hewa ipite.

Aliyepanga amwandikie mwenye nyumba kwanza, pamoja na picha za matundu. Kutoboa na kupiga skrubu kwenye ukuta wa mtu bila ruhusa ni ugomvi usio na faida.

## Hatua ya 3: Tega

Panya wa nyumbani haendi mbali. Akiwa na chakula, maisha yake yote yanaweza kuishia ndani ya mita 3 hadi 10 kutoka kwenye kiota. Mtego mmoja katikati ya jikoni ni kama ndoano iliyotupwa nchi kavu.

1. Weka mitego palipo na nyayo au vinyesi, nafasi ya mita 2 hadi 3 kati ya mmoja na mwingine. Palipochafuka sana, weka miwili kwa pamoja.
2. Mtego ulale sakafuni ukiuelekea ukuta kama herufi T, upande wa chambo ukigusa ukuta. Panya hutembea akiwa amegusisha masharubu ukutani, kwa hiyo atakanyaga kibati cha chambo moja kwa moja. Ukiulaza sambamba na ukuta, anauruka.
3. Chambo kiwe kama punje ya njegere. Siagi ya karanga inatosha. Kwa panya wanaotafuta cha kujengea kiota, funga uzi wa pamba kwenye kibati. Atauvuta, na mtego utafyatuka.
4. Vaa glavu. Kagua kila asubuhi.

Palipo na watoto au mbwa, ingiza mtego ndani ya sanduku lenye tundu dogo, au nyuma ya kabati ambako mkono haufiki.

Chambo kimelambwa, mtego haujafyatuka. Umeweka kingi mno. Anakula kwa pembeni bila kukanyaga. Punguza, kisha kisokomeze kwenye kile kikunjo cha kibati.

Mtego umefyatuka mtupu. Mara nyingi umekaa juu ya sakafu isiyo sawa, au panya ameuingilia kwa nyuma. Geuza.

Siku tatu hakuna kitu. Usibadilishe chambo kwanza, badilisha mahali. Na uangalie kama kuna mfuko wa chakula cha mbwa au mbegu za ndege uliofunguka karibu. Mtu mwenye sahani ya pilau hashawishiki kwa kijiko cha karanga. Weka vyakula vyote hivyo kwenye ndoo za chuma zenye vifuniko.

Mitego ya gundi haifai. Panya aliyenaswa hai hukojoa kwa hofu, na mkojo hubeba virusi. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinavyodaiwa kufukuza panya kwa sauti havifanyi kazi ya maana: mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuhusu madai yao. Hela hiyo nunua nyuzi za shaba.

Paka? Paka hodari huwinda vizuri bandani. Ndani ya ukuta haingii.

*Umefaulu ikiwa* siku 7 zimepita hakuna mtego uliokamata, unga haujakanyagwa, na hakuna kinyesi kipya. Usihesabu siku 2. Jike hubeba mimba wiki 3 tu, huzaa 5 au 6 kwa kawaida, na watoto huanza kuzaa wakiwa na wiki 6 hivi. Ukiacha jike mmoja, Krismasi utaanza upya.

## Kuhusu sumu

Ndani ya nyumba ya kuishi, iache. Sumu nyingi huua baada ya siku kadhaa, na panya aliyelemewa hurudi kiotani, yaani ndani ya ukuta wako. Januari, madirisha yamefungwa na tanuru linapuliza hewa ile ile nyumba nzima, mzoga mmoja utakusimulia habari zake kwa wiki.

Kwenye mabanda ya nje, kama huna budi, tumia kisanduku cha chambo kinachofungwa kwa ufunguo, kilichopigwa skrubu sakafuni. Soma lebo, maana ndiyo sheria. Bundi na mbweha hula panya waliokula sumu, nao ndio wawindaji wanaokusaidia bure.

Hifadhi boksi la sumu. Mbwa akila, daktari wa mifugo atauliza jina la dawa kabla ya lolote: zile zinazozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1, lakini bromethalini haina dawa ya kuitengua. Jibu hilo linatakiwa ndani ya dakika, si kesho.

## Hatua ya 4: Safisha bila kutimua vumbi

Hapa ndipo watu huugua. Virusi vya hanta huingia kwa pumzi, kupitia vumbi la mkojo na vinyesi vilivyokauka. Ufagio na mashine ya kufyonza vumbi hurusha vumbi hilo hadi puani.

1. Ukishapata zile siku 7 bila panya, subiri siku nyingine 5. Kisha fungua milango na madirisha kwa dakika 30, na wewe uwe nje.
2. Changanya kikombe 1 cha klorini na vikombe 9 vya maji. Changanya siku hiyo hiyo. Mchanganyiko wa jana umepoteza nguvu. Usichanganye kamwe na dawa yenye amonia, ikiwemo ile ya kusafishia vioo, maana inatoa gesi yenye sumu.
3. Vaa glavu na barakoa. Lowesha vinyesi, viota na panya waliokufa mpaka vichuruzike. Ngoja dakika 5.
4. Okota kwa karatasi, tia kwenye mfuko, funga, kisha tia kwenye mfuko wa pili.
5. Futa eneo lote tena kwa mchanganyiko ule ule. Osha glavu kabla ya kuzivua, kisha osha mikono kwa sabuni.

Pamba ya ukutani iliyojaa mkojo haisafishiki. Iloweshe, iondoe, weka mpya. Kama dari nzima imeharibika, kodi wenye vifaa vya kazi hiyo.

Baada ya hapo jitazame. Dalili hujitokeza kati ya wiki 1 na 8: homa, uchovu, maumivu ya misuli mikubwa ya mapaja, nyonga na mgongo. Siku chache baadaye huja kikohozi na kukosa pumzi. Kati ya wanaofikia hatua hiyo ya mapafu, zaidi ya mmoja kati ya watatu hufariki. Ukipata homa, nenda hospitali usingoje kikohozi, na useme wazi kwamba ulikuwa unasafisha uchafu wa panya. Daktari asipoambiwa, ataona mafua.

## Hatua ya 5: Vihenge, banda na mashine

Ghalani kanuni inageuka kidogo. Huwezi kuziba banda la trekta kama nyumba, kwa hiyo unawanyima maficho na chakula.

Fyeka majani kuzunguka kila kihenge (ghala la chuma la nafaka) na kila jengo, kisha mwaga kokoto ukanda wa sentimita 60 hadi 90. Panya hapendi kuvuka mahali peupe. Mwewe na bundi wanamwona. Kuni na marobota ya majani yakae mita 30 kutoka nyumbani ikiwezekana, na kuni ziinuliwe sentimita 30 kutoka ardhini.

Zoa nafaka iliyomwagika chini ya bomba la kupandishia, siku ile ile ya kujaza. Koleo moja la ngano hulisha panya majira yote ya baridi, maana mmoja hula gramu 3 hivi kwa siku. Usisahau chini ya ile sakafu ya matundu ya kihenge: makombo hujificha hapo, na wadudu wadogo wa nafaka huanzia hapo hapo. Kihenge kinasafishwa kabla ya mavuno mapya kuingia. Usimwage mavuno mapya juu ya mabaki ya mwaka jana.

Hao wadudu hushindwa kwa baridi, na baridi huku ni ya bure. Washa feni za kihenge usiku wa vuli mpaka nafaka ishuke chini ya nyuzi 15, ambapo hawazaliani tena. Nafaka yenyewe, si hewa ya nje, ikishuka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, mbawakawa wa rangi ya kutu wanaopatikana huku hufa. Usiingie kihengeni nafaka ikiwa inatolewa. Hukuvuta chini kama maji, upesi kuliko unavyoweza kupiga kelele.

Mashine zisizotumika msimu wa baridi zioshwe kwanza. Kombaini iliyoegeshwa na makapi na punje ndani yake ni hoteli. Puliza hewa ya kompresa kwenye kila uwazi siku ya mwisho ya mavuno, kabla panya hajaingia. Akishaingia, hewa hiyo haifai tena, itakurushia vumbi lake. Ziba pale nyaya na vishikio vinapoingia kwenye kibanda cha dereva, kisha weka mitego 2 ndani na 2 karibu na betri, na uiandike kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye usukani ili isimfyatukie mtu Mei.

Ikifika hiyo Mei, usipande na kuwasha feni ya kibanda. Panya hupenda kujenga kiota ndani ya kichujio cha hewa, na feni itakupulizia chote usoni. Fungua milango, ondoka dakika 30, vaa barakoa, lowesha kichujio kwa klorini, kitoe na kuweka kipya. Kagua pia juu ya injini na bomba la moshi: kiota kikavu pale huwaka trekta likipata moto. Nyaya zilizogugunwa zikaguliwe kabla ya kuunganisha betri, si baada yake.